Darasa la Kiingereza si la Wameksiko peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nieleze jambo ambalo limekaa moyoni mwangu kwa muda mrefu, na ambalo naamini linawagusa wasomaji wako wengi wenye ndugu, wapwa au wajukuu katika shule za umma za Marekani. Mimi ni mwalimu. Nilisomea ualimu Tanzania, nikafundisha sekondari kwa miaka kadhaa, na sasa ninafanya kazi ya ukalimani na usaidizi wa darasani katika jimbo la Kentucky, ambako wakimbizi wengi wa Kongo wamepewa makazi. Kazi hiyo hunikalisha meza moja na wazazi wanaozungumza Kiswahili siku wanapoandikisha watoto wao shuleni, na ni kwenye meza hiyo nilipomsikia baba mmoja kutoka Kivu ya Kusini, mtu mwema na mchapakazi, akiisogeza kalamu pembeni na kuniambia: "Mwalimu, ile kalasi ni ya Bameksiko."

Karatasi aliyokuwa amewekewa mbele yake ilihusu binti yake wa miaka 11, aliyependekezwa kufundishwa Kiingereza kwa saa kadhaa kila wiki na mwalimu aliyesomea kuwafundisha watoto wasiozaliwa na lugha hiyo. Sheria inampa mzazi haki ya kuukataa mpango huo kwa maandishi, naye akaukataa, kwa sababu aliamini kwamba ni darasa la watoto dhaifu na kwamba wanaojazana humo ni watoto wa vibarua kutoka ng'ambo ya mpaka wa kusini. Mkalimani hana ruhusa ya kuongeza la kwake, kwa hiyo nilitafsiri kila neno kama lilivyotamkwa, nikanyamaza. Binti akapelekwa moja kwa moja kwenye darasa la kawaida la sayansi na historia, akiwa na maneno machache ya Kiingereza aliyoyaokota katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na hadi likizo ya Krismasi hakuwa amefungua kinywa darasani hata mara moja.

Nilichokinyamazia siku ile ndicho ninachotaka kukisema leo kwa Kiswahili, mbele ya watu wangu: kila haki ambayo mtoto wetu anaikuta mlangoni mwa shule ya Marekani ilipiganiwa na wazazi waliomtangulia, na wengi wao walikuwa hao hao tunaowaita Wameksiko. Haki hizo zikipunguzwa kwao, zimepunguzwa kwetu pia.

Kwanza niseme kidogo kuhusu hilo jina, maana tunalitumia ovyo. Zaidi ya robo ya wanafunzi wote wa shule za umma za Marekani wana asili ya nchi zinazozungumza Kihispania. Wengi wao wamezaliwa Marekani, ni raia, na wako ambao hawajui Kihispania zaidi ya salamu za bibi yao. Wapo wenye asili ya Meksiko, naam, lakini wapo pia wa Puerto Rico, ambacho ni kisiwa kilicho chini ya Marekani yenyewe, na wa Kuba, El Salvador, Honduras, Guatemala na Jamhuri ya Dominika. Ukitazama wale tu ambao bado wanajifunza Kiingereza, idadi yao nchi nzima inapita milioni 5, na takriban robo tatu yao nyumbani husikia Kihispania. Robo inayobaki wanagawana Waarabu, Wachina, Wavietnamu, Wahaiti, Wasomali, sisi wa Kiswahili na wengine wengi. Ndiyo kusema walimu wa Kiingereza cha wageni, vitabu vyao, vyumba vyao na bajeti yao vimewekwa kwa sababu ya wingi wa watoto wale. Mtoto wa Uvira au wa Baraka akimpata mwalimu kama huyo katika mji mdogo wa Kentucky, amempata kwa sababu watoto wa Guatemala na Meksiko walikuwepo kabla yake.

Wasomaji wasidhani kwamba nafasi hiyo ilitolewa kwa hisani. Katika wilaya ya Orange, jimbo la California, miaka ya 1940, kulikuwa na shule za wazungu na shule za watoto wenye asili ya Meksiko. Gonzalo Méndez na mkewe Felícitas walikuwa wakilima shamba walilolikodi kutoka kwa familia ya Kijapani iliyopelekwa kizuizini wakati wa vita, na shangazi wa watoto wao alipowapeleka kuwaandikisha katika shule ya jirani, pamoja na watoto wake mwenyewe, watoto wake walipokelewa kwa kuwa ngozi yao ilikuwa nyeupe zaidi na jina lao lilisikika kama la Kifaransa, huku watoto wa Méndez wakikataliwa papo hapo. Shangazi akawachukua wote akarudi nao nyumbani. Gonzalo na wazazi wengine wanne walifungua kesi mwaka 1945, wakashinda 1946, na mahakama ya rufaa ikathibitisha ushindi huo 1947, miaka saba kabla ya hukumu mashuhuri ya Brown iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za nchi nzima. Thurgood Marshall, wakili wa chama cha kutetea haki za watu weusi aliyekuja kuisimamia kesi ya Brown, alikuwa miongoni mwa waliosaini hoja za kuwaunga mkono wazazi wale. Watu weusi walijua tangu wakati ule kwamba shauri la watoto wa Méndez lilikuwa shauri lao, na sioni kwa nini sisi tuliofika jana tushindwe kulijua.

Iko habari nyingine ambayo kila aliyesoma Kenya au Tanzania ataielewa bila kufafanuliwa. Katika mji mdogo wa Marfa, jimbo la Texas, watoto wenye asili ya Meksiko walikuwa na shule yao ya peke yao iliyoitwa Blackwell, na mwaka 1954 waliandikishwa vikaratasi vya kuahidi kwamba hawatazungumza tena Kihispania, vikaratasi vikatiwa katika kisanduku, na kisanduku kikazikwa ardhini kwenye uwanja wa shule, kama maiti. Aliyesikika akizungumza lugha ya mama yake alichapwa. Leo jengo la shule ile ni eneo la kumbukumbu ya taifa kwa sheria iliyosainiwa mwaka 2022, na wazee waliosoma pale ndio waliolipigania lisibomolewe. Wasomaji wako wanaokumbuka kibao kilichokuwa kikivishwa shingoni mwa mtoto aliyeteleza akasema Kijaluo, Kikamba au Kiswahili uwanjani wanaijua aibu ile ilivyo, na wanajua pia kwamba haikumfundisha yeyote Kiingereza. Ilimfundisha kunyamaza.

Kwa upande wa Tanzania, liko jambo la karibu zaidi. Nilimaliza darasa la saba nikiwa ninaeleza usanisinuru kwa mchoro na kwa maneno, jani, jua, maji na hewa, nikiwa na uhakika wa kila kitu. Miezi michache baadaye, kidato cha kwanza, mwalimu aliandika mambo yale yale ubaoni kwa Kiingereza, nami nikayanakili herufi kwa herufi bila kutambua kwamba ni yale niliyoyajua. Sikuwa mjinga zaidi ya nilivyokuwa Septemba iliyotangulia. Dawati nilikuwa nalo, kitabu nilikuwa nacho, na mwalimu alikuwa mbele yangu, lakini mlango wa kuingilia katika somo ulikuwa umefungwa. Wenzangu wengi walioshindwa mwaka ule waliambiwa hawana kichwa cha masomo, wakaamini, na baadhi yao wanaamini hadi leo.

Mahakama ya Juu ya Marekani ililitamka jambo hilo hilo mwaka 1974, katika kesi iliyofunguliwa na wazazi wa Kichina wa San Francisco, iitwayo Lau dhidi ya Nichols. Shule zilijitetea kwamba zinawatendea watoto wote sawa, kwa kuwa wanapewa vitabu vile vile na walimu wale wale. Majaji walikubaliana kwa kauli moja kwamba huo si usawa, kwa sababu mtoto asiyeelewa lugha ya kufundishia amezuiwa asipate elimu yoyote ya maana. Msingi wa hukumu ulikuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na katika mwaka huo huo wa 1974 Bunge lilitunga sheria inayozitaka shule zichukue hatua za kweli za kumwondolea mtoto kikwazo cha lugha. Yule binti wa Kivu ya Kusini ana haki ya mwalimu wa lugha kwa sababu ya Wachina wale. Baba yake alidhani anakataa msaada uliotengwa kwa ajili ya watu wengine.

Wazazi huniuliza kwa nini mpango wenyewe huchukua miaka, ilhali mtoto baada ya mwaka mmoja anaongea Kiingereza na wenzake, anacheka nao, hata anawasahihisha wazazi wake. Swali hilo ni la haki. Mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, alionyesha kwamba Kiingereza cha uwanjani mtoto hukipata kwa takriban miaka miwili, lakini Kiingereza cha kusomea, cha kueleza kwa nini mapinduzi yalitokea au kuthibitisha kanuni ya hesabu, huhitaji miaka mitano hadi saba. Kati ya hapo mtoto huonekana amefika, mwalimu asiyejua huamini amefika, na mtihani unapokuja anaitwa mvivu. Nimewaona watoto wa Honduras na wa Kongo wakianguka katika shimo hilo hilo, mwaka hadi mwaka, na wanaoangukia humo mapema kuliko wote ni wale ambao wazazi wao walikataa mpango wa lugha kwa kuona aibu.

Sasa naomba niingie katika habari ya watoto wa wahamaji wa mashambani, ambayo huku kwetu haizungumzwi kabisa. Marekani ina watu wanaofuata mavuno. Wako wanaotoka bonde la Rio Grande, kusini mwa Texas, wakapanda hadi Michigan kuchuma cheri, buluberi na matufaha, au Minnesota kwenye mashamba ya viazisukari. Wako wanaoanzia kwenye nyanya za Florida wakaelekea kaskazini kwa kufuata pwani ya mashariki, na wako wanaovuna saladi huko Salinas, California, wakati wa kiangazi, kisha wakahamia Yuma, Arizona, majira ya baridi. Hapa Kentucky kuna tumbaku, ambayo hupandikizwa mwezi Mei, hukatwa Agosti na Septemba, na kutundikwa katika maghala marefu ya mbao ikauke kwa upepo. Msomaji wa Urambo au Sikonge anaifahamu kazi hiyo, na anafahamu pia mtoto anayeonekana darasani miezi minne kisha asionekane tena, kwa kuwa baba yake kibarua amekwenda kwenye shamba lingine.

Mtoto wa mhamaji hukosa wiki za mwanzo za muhula na za mwisho. Hufika katika shule mpya bila karatasi, akarudishwa darasa alilokwisha kulimaliza au kurukishwa mada ambayo hajawahi kuiona. Akiwa sekondari, masomo aliyoyasoma nusu mwaka mahali pamoja hayahesabiwi mahali pengine, na akifikisha miaka 17 hugundua kwamba amesoma sana lakini hana alama za kumtosha kuhitimu. Zaidi ya hayo, sheria ya kazi ya nchi hiyo, iliyotungwa mwaka 1938, bado inamruhusu mtoto wa miaka 12 kufanya kazi shambani nje ya saa za shule kwa idhini ya mzazi, jambo ambalo haliruhusiwi dukani wala kiwandani. Mvulana mmoja niliyemsaidia katika hesabu, mzaliwa wa Meksiko, alikuwa akishika penseli kwa vidole vyenye weusi wa utomvu wa tumbaku usiotoka kwa sabuni, na alikuwa wa kwanza darasani katika aljebra hadi siku familia yake ilipoondoka, katikati ya wiki, kabla ya mtihani.

Kwa ajili ya watoto kama huyo, serikali kuu ya Marekani ilianzisha mwaka 1966 mpango maalumu wa elimu ya watoto wa wahamaji. Mpango huo hulipia walimu wa ziada, masomo ya likizo, msaada wa vitabu na afya, na watu wanaokwenda mashambani na kwenye makambi ya vibarua kuwatafuta watoto na kuwaandikisha. Upo pia mfumo wa kompyuta unaowezesha shule ya jimbo moja kuona mtoto amesoma nini na amechanjwa nini katika jimbo jingine. Anayestahili ni mtoto au kijana asiyezidi miaka 21 ambaye hajahitimu sekondari, na ambaye katika miezi 36 iliyopita amehama kutoka eneo la shule moja hadi jingine kwa sababu yeye au mzazi wake anafanya kazi ya kilimo au uvuvi ya muda au ya msimu. Suala la vibali vya ukaazi halimo katika masharti hayo.

Naomba msomaji mwenye ndugu Marekani aisome tena sentensi hiyo ya masharti kwa makini. Kazi ya kilimo katika sheria hiyo inajumuisha usindikaji wa awali wa mifugo na kuku, na watu wetu wangapi wamehama mji hadi mji, tena kwa shida ya maisha, wakifuata kazi katika viwanda vya nyama na kuku? Si kila ajira ya kiwandani inahesabiwa, kwa kuwa sharti la kazi kuwa ya muda lipo, lakini nimekutana na familia za Kikongo ambazo watoto wao walistahili msaada huo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyewauliza swali moja la kazi ya baba, wala wao hawakujua kwamba liko la kuulizwa. Walipoona gari la mwandikishaji limesimama kwa majirani zao wa Guatemala, walidhani ni mambo ya Wameksiko.

Faida ya msaada wa namna hiyo huonekana kwa mtu kama José Hernández, aliyezaliwa California mwaka 1962 katika familia iliyokuwa ikihama kila mwaka kati ya Meksiko na mashamba ya jimbo hilo. Kiingereza hakukijua vizuri hadi alipofika takriban miaka 12. Mwalimu wake wa darasa la pili alikwenda hadi nyumbani kwao akawasihi wazazi wakae mahali pamoja ili watoto wasome mfululizo, nao wakamsikiliza. Aliomba kazi ya uanaanga akakataliwa mara 11, akakubaliwa mwaka 2004, na Agosti 2009 akaruka angani katika chombo cha Discovery. Ninaposimulia habari hii kwa wazazi, hushangazwa na chombo cha angani. Mimi hushangazwa na mwalimu yule aliyetoka shuleni akagonga mlango wa vibarua, kwa maana najua jinsi jambo hilo lilivyo adimu.

Liko pia suala la lugha ya nyumbani, na hapa makosa hufanywa hata na shule zenye nia njema. Shule moja niliyofanya kazi ilimpangia msichana wa kutoka milima ya Guatemala mkalimani wa Kihispania, na mama yake akawa anaitikia kila kitu kwa kichwa. Ilichukua majuma kutambua kwamba mama yule huzungumza Kimam, mojawapo ya lugha za Wamaya, na kwamba Kihispania kwake ni lugha ya sokoni tu. Niliielewa hali hiyo mara moja, kwa sababu nami huitwa kumtafsiria mtoto aliyeandikwa Mswahili, nikifika nakuta mama mtu mzima anayefikiri kwa Kibembe, Kifuliiru au Kinyarwanda, na anayenijibu "ndiyo, mwalimu" kwa heshima tu. Hata Kiswahili chenyewe hutofautiana: kwa Mkongo neno "masomo" ndilo shule yenyewe, na mkalimani wa Dar es Salaam asiyelijua hilo ataharibu kikao kizima. Tunapodai shule ziulize lugha halisi ya kila mama, tunadai kitu kimoja na wale Wamaya.

Wazazi wengi, wa kwao na wa kwetu, huamini kwamba ili mtoto ajue Kiingereza lazima aiache lugha ya nyumbani. Uzoefu wa Marekani yenyewe unasema vingine. Mwaka 1963, wakimbizi wa Kuba walipofurika Miami, shule ya msingi ya Coral Way ilianza kufundisha nusu ya siku kwa Kiingereza na nusu kwa Kihispania, kwa watoto wa Kikuba na wa Kimarekani pamoja, na hadi leo wazazi wanaitafuta. California ilipiga kura mwaka 1998 kuyabana madarasa ya lugha mbili, kisha mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo hilo hilo wakaifuta sheria hiyo kwa wingi mkubwa. Jimbo hilo pia ndilo lililoanzisha muhuri unaobandikwa kwenye cheti cha mhitimu anayesoma na kuandika lugha mbili, nao umeenea karibu majimbo yote. Mtoto wetu anaweza kuupata kwa Kiswahili mahali ambapo shule imeandaa kipimo chake, lakini awe anajua kukiandika. Wako vijana wanaozungumza na bibi yao kwa simu kila Jumapili na hawawezi kuandika aya moja.

Mwaka 2025 mambo haya yote yalitikiswa. Januari serikali ilifuta mwongozo uliowazuia maofisa wa uhamiaji kuingia ovyo shuleni na makanisani, na mwezi huo huo ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, ambao ndio ulioleta wengi wa ndugu zetu wa Kongo. Asubuhi za majira yale ya baridi niliona madawati matupu katika darasa la Kiingereza, na hayakuwa ya watoto wa lugha moja. Aprili, baraza la seneti la jimbo jirani la Tennessee lilipitisha muswada wa kuziruhusu shule kuwakataa au kuwatoza ada watoto wasio na vibali; muswada ulikwama katika baraza la wawakilishi mwaka ule. Tarehe 1 Julai serikali kuu ilizuia mabilioni ya dola za shule, zikiwemo takriban milioni 375 za watoto wa wahamaji na milioni 890 za wanaojifunza Kiingereza, ikaziachilia mwishoni mwa mwezi baada ya majimbo kwenda mahakamani na wabunge wa pande zote mbili kulalamika. Mwezi Agosti ukafutwa mwongozo wa 2015 uliozieleza shule wajibu wao kwa watoto hao.

Mwongozo umefutwa, sheria haijafutwa. Sheria za 1964 na 1974 zipo. Ipo pia hukumu ya Juni 1982 ya Plyler dhidi ya Doe, ambayo ni lazima niieleze kwa sababu ndiyo inayolengwa na miswada kama ule wa Tennessee. Bodi ya shule za mji wa Tyler, Texas, iliamua mwaka 1977 kuwatoza dola 1,000 kwa mwaka watoto wasio na vibali, fedha ambazo wazazi wao vibarua wasingezipata. Familia nne zilikwenda mahakamani. Moja ilifika na vyombo vyake vimepakiwa garini, ikiwa tayari kufukuzwa nchini siku hiyo hiyo. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba mtoto hawezi kuadhibiwa kwa kosa asilolitenda na kwamba jimbo haliwezi kumfungia mlango wa shule. Kwa hukumu hiyo shule haina sababu ya kumuuliza mtoto wa Kikongo, wa Kitanzania au wa Kiguatemala hali yake ya uhamiaji siku ya kuandikishwa. Kura moja tu ndiyo iliyotenganisha ushindi na kushindwa, na wanaotaka suala hilo lirudi mahakamani wanajua hivyo.

Ndiyo maana hunihuzunisha kuona kikao cha bodi ya shule kikijadili bajeti ya walimu wa lugha, safu nzima ikiwa imejaa akina mama wanaozungumza Kihispania, wengine wakiwa na watoto wachanga mapajani, na upande wetu hakuna mtu. Si kwamba wazazi wetu hawajali, maana wanafanya kazi zamu mbili na wengi hawana gari. Lakini wale akina mama nao wanafanya kazi zamu mbili.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni kwa wasomaji wako wanaopiga simu Marekani mwisho wa juma. Muulizeni dada, kaka au mtoto wenu: je, karatasi ya darasa la Kiingereza mliisaini kwa kukubali au kwa kukataa? Kama mlikataa, mnaweza kurudi shuleni wakati wowote mkabadili uamuzi. Je, mlihama kwa ajili ya kazi ya shamba, kuku au nyama katika miaka mitatu iliyopita, na je, shule imewaeleza mpango wa wahamaji? Je, mkalimani mnayepewa anazungumza lugha ambayo mama wa nyumba anaielewa kweli, au mnamtumia mtoto kutafsiri habari zake mwenyewe? Na kikao cha bodi ya shule ni lini?

Yule baba wa Kivu ya Kusini alirudi mwezi Februari. Alikuja peke yake, akakaa kiti kile kile, akaomba karatasi nyingine. Binti yake sasa anakaa kati ya msichana wa Honduras na mvulana wa Guatemala, na juma lililopita nilimkuta akiwaeleza, kwa Kiingereza cha taratibu na kwa mchoro ubaoni, jinsi jani linavyojitengenezea chakula.

Mwalimu na mkalimani wa shule,
Kentucky, Marekani